Mashine Inayosikia Sawa

Jumatatu, 6 Mei

Leo Dokta ametangaza kazi ya mwisho ya somo la Utafiti wa Watu na Kompyuta. Safari hii sitalifeli. Nimeshalifeli mara mbili, lakini kwa sababu zisizonihusu. Mara ya kwanza niliumwa. Mara ya pili ningeumwa, kama ningejua tarehe ya mtihani.

Mjomba ameshatoa msimamo wake. Nikifeli tena, naacha chuo naenda kiwandani kwake kujaza sponji kwenye magodoro. Aproni ameshanitengea. Mimi na sponji hatupatani. Naisogelea tu, napiga chafya mpaka machozi yananitoka. Kwa hiyo hili si somo. Ni kufa na kupona.

Kazi yenyewe: kila mtu abuni kifaa, awaite watu wakijaribu, aangalie wanakwama wapi, aandike ripoti. Masharti ya Dokta hayana huruma. Usimsaidie mshiriki. Usimfundishe. Usimnong'oneze. Mshiriki aseme kwa sauti kila anachokiwaza, na arekodiwe. Dokta ni mama mkavu, anamwangalia mtu kwa juu ya miwani. Alisema kukwama kwao ndiyo elimu yetu. Niliandika, kisha nikafuta. Kifaa changu hakitamkwamisha mtu.

Jumanne, 7 Mei

Wazo limenijia nikioga. Karani wa zahanati ya chuo ni mkali kuliko ugonjwa wenyewe. Wapo wanaopona wakiwa foleni kwa kumwogopa tu. Basi nitatengeneza karani wa sanduku. Linakutajia huduma moja moja, ukiitaka unasema "sawa", linakuandikia miadi. Hakuna kitufe. Hakuna kusoma. Neno moja tu, analolijua kila mtu tangu akibebwa mgongoni!

Tatizo dogo: sijui kutengeneza sanduku linaloongea. Lakini Dokta mwenyewe alitufundisha mbinu ya mashine bandia. Mtafiti anajificha, anajifanya mashine, mshiriki hajui mpaka mwisho anapoelezwa. Kujificha na kujifanya ni vipaji nilivyozaliwa navyo. Sikujua kama vinatolewa maksi.

Nililieleza darasa. Walinisikiliza vizuri, mpaka Kalamu Nne aliponyoosha mkono. Tunamwita hivyo kwa sababu ana kalamu za rangi nne na zote zinaandika. Aliuliza mashine itajuaje kama mtu akisema sawa amekubali, au anaitikia tu ili aendelee kusikiliza. Nikamjibu kwamba sawa ni sawa. Darasa zima likacheka. Walimcheka yeye, bila shaka. Dokta alisema hilo ni swali zuri sana, akaniuliza kama nimeliandika. Nikatikisa kichwa kwa namna inayoweza kuwa ndiyo au hapana.

Sikuliandika. Wivu hauandikwi.

Yeye utafiti wake ni kukaa maktaba akitazama watu wanavyohangaika na mashine ya kutoa kopi. Kutazama watu! Hata mlinzi wa pale anafanya hivyo, tena na kiti amepewa.

Alhamisi, 9 Mei

Maabara imekamilika. Nimepata chumba cha semina chenye kabati la mifagio. Nimetoboa tundu kwenye mlango wa kabati, na mbele yake nimeweka meza na boksi la viatu nililolipaka rangi ya fedha. Mimi naingia kabatini, naongea kupitia tundu, sauti inatokea kwenye boksi. Kabatini ni giza, kuna vumbi, na kuna fagio moja linalonichoma ubavuni kila nikipumua. Utafiti una gharama zake.

Orodha ya huduma nimeinakili kutoka kwenye ubao wa zahanati kama ilivyo. Ya kwanza ni kung'oa jino. Halafu kupimwa macho, kusafishwa kidonda, na kadhalika.

Mshiriki wa kwanza ni Pono, mwenzangu wa chumbani. Huyu akipata kiti amelala, akikosa analala amesimama. Nilimpa maelekezo, nikamwambia mimi natoka, nikatoka, nikarudi kwa mlango wa nyuma, nikajitia kabatini. Nikabana pua kutafuta sauti ya mashine. Karibu zahanati, nikasema. Huduma ya kwanza, kung'oa jino.

Pono akasema, "Sawa."

Nikamwandikia kung'oa jino. Ameenda moja kwa moja, bila kukwama! Alipoambiwa miadi yake ni Jumatano, alisema sawa tena, na baada ya hapo nilisikia anakoroma. Sikujua mbinu ya mashine bandia inasemaje mshiriki akilala. Nilibaki kabatini mpaka alipoamka mwenyewe. Kumweleza kwamba mashine ni mimi nikaona ni kumsumbua. Nitawaeleza wote siku moja, kwa pamoja.

Ijumaa, 10 Mei

Nahitaji washiriki zaidi, na watu wananikwepa. Sijui nani kawaambia kuhusu kabati.

Kalamu Nne anao tele. Wamejipanga maktaba wenyewe, wanamsimulia shida zao kama wako kwa mganga. Anachofanya ni kuwasikiliza na kuuliza kisha ikawaje. Nikaona huu ni ubadhirifu wa watu. Nikanunua biskuti, nikasimama mlangoni pa maktaba kwa siri kubwa. Kila aliyetoka kwake nilimpa biskuti na kumwelekeza chumba cha semina.

Nilipata wanne! Wa kwanza, dada mmoja wa sheria, aliketi, nikamwambia huduma ya kwanza kung'oa jino. Akasema sawa, na baada yake? Sikusikia hilo la baada yake kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kutangaza miadi. Akasema hapana, hakumaanisha hivyo. Mashine yangu haina neno hapana. Nikanyamaza kimashine. Akalipiga boksi kofi. Akaondoka na biskuti zilizobaki.

Wa pili, wa tatu na wa nne wote waliandikishwa kung'oa jino. Wa tatu alisema "sawa sawa", kwa hiyo nimemwandikia meno mawili.

Matokeo yanafanana mno. Dokta anapenda matokeo yanayofanana. Nimelala usingizi mzuri.

Jumamosi, 11 Mei

Siku mbaya. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika ubavu.

Ili ripoti iwe na mtu mzima ndani yake, nilimwalika shangazi. Shangazi anatupenda wote, tatizo lake hajui kunong'ona. Alikuja amevaa nguo zake za shughuli, akakagua boksi, akauliza kama linakula. Nikamweleza sharti la Dokta: aseme kwa sauti kila anachokiwaza. Uso wake uling'aa. Alisema ameishi miaka yote hiyo akisubiri mtu amwambie hivyo.

Nikaingia kabatini. Kabla sijafungua kinywa, shangazi akaanza kuwaza. Aliwaza kwamba chumba kina vumbi. Aliwaza kwamba mimi nimekonda na sitaki kusema kwa nini. Aliwaza kwamba nina akili, ila naitumia kukwepa kazi ambayo ingeisha mapema kama ningeifanya tu. Aliwaza kwamba mjomba ananitakia mema na magodoro si matusi. Yote haya yanarekodiwa, na Dokta atayasikiliza!

Jasho linanitiririka. Fagio ubavuni.

Kisha akawaza habari za birika. Akalisimulia boksi jinsi nilivyovunja birika lake nikiwa mdogo, nikamsingizia paka, na paka wa watu akafukuzwa. Uzalendo ukanishinda. Nikabana pua nikasema, kwa sauti ya mashine, kwamba birika lilivunjwa na paka.

Nikasikia kiti kinasogezwa nyuma. Nikaona niokoe jahazi haraka, nikasema karibu zahanati, huduma ya kwanza kung'oa jino. Hapo vumbi likanipanda puani nikapiga chafya moja kubwa, boksi likaanguka.

Shangazi akalipa pole boksi. Akaliokota, akalifuta, akaliweka mezani. Kisha akasema taratibu, "Sawa, mwanangu."

Ningefanya nini? Kanuni ni kanuni. Nikamwandikia kung'oa jino.

Alipoondoka alinikuta nimesimama nje, nimejaa utando wa buibui. Hakuniuliza kitu. Alinipangusa bega, akaniambia paka yule alikuwa mzuri sana.

Jumatatu, 13 Mei

Ripoti imekamilika! Nimeisoma mara tatu na kila mara naona fahari mpya.

Uvumbuzi wangu ni huu. Washiriki wote, wa kike na wa kiume, wa rika zote, walichagua huduma moja. Hakuna hata mmoja aliyefika kwenye kupimwa macho. Maana yake iko wazi: jamii nzima ya chuo ina janga la meno, na imekuwa ikilificha. Mashine yangu ndiyo ya kwanza kulifichua. Rekodi ya shangazi nimeiambatanisha, ila nimepunguza sauti.

Kalamu Nne alinikuta nikibana kurasa akaomba kusoma. Nilimruhusu ili aumie. Alisoma ukurasa mmoja, akanitazama kwa upole ambao sikuupenda. Aliniambia bado kuna muda, nisikilize rekodi zangu tena, hasa namna watu wanavyolitamka lile neno. Akasema anaweza kunisaidia. Nikamshukuru na kumwambia nina shughuli. Mtu akiona umemzidi huanza kujitolea.

Shughuli yenyewe: kwenda zahanati. Nilifikiri barua ya pongezi kutoka kwa daktari wa meno ingemnyoosha Dokta. Nilimkuta daktari peke yake, anajaza fumbo la maneno gazetini. Watu hawaendi kwake, wanaumwa jino mpaka linatoka lenyewe. Nilipomwonesha ripoti alisimama. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Aliomba majina na namba zao za simu, nami nikampa kwa moyo safi.

Jumatano, 15 Mei

Sikujua kwamba daktari atawapigia simu kweli.

Niliitwa zahanati asubuhi nikadhani ni ile barua. Nikavaa shati lenye kola. Mlangoni nikakutana na dada wa sheria, akanisomea vifungu. Wale wawili wa biskuti walikuwa wanamweleza karani kwamba meno yao ni mazima, na karani, kwa ule ukali wake, anawaambia jina likishaandikwa limeandikwa. Yule wa meno mawili alikuwa amepanda juu ya benchi. Pono alikuwa ameshalala kwenye kiti cha daktari, mdomo wazi, na daktari amesimama juu yake anatetemeka kwa furaha. Bahati nzuri alikoroma, daktari akaogopa, akaanza upya kumpima. Hakuwa na ubovu wowote.

Kwenye kona alikaa shangazi, na mkoba wake magotini. Daktari alimwomba afungue mdomo. Shangazi akatoa meno yote, ya juu na ya chini, akayaweka kwenye sinia, akauliza ni lipi analolitaka. Ni ya bandia tangu mimi sijaanza shule. Nilikuwa nimelisahau hilo.

Daktari aliketi. Alinitazama kama mtoto aliyenyang'anywa pipi. Nilijisikia vibaya, kweli nilijisikia vibaya, mpaka nikamwona Kalamu Nne amesimama dirishani akiandika. Kwa kalamu nyekundu!

Alhamisi, 16 Mei

Dokta aliniita ofisini. Mezani palikuwa na ripoti yangu, na juu yake fomu, na juu ya fomu miwani yake, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema watu wameahidiwa siri na mimi nimegawa namba zao. Alisema hata hivyo amesikiliza rekodi zote, kwa sauti ya juu, na kuna kitu kikubwa ndani yake ambacho mimi mwenyewe sijakiona. Nilikuwa nasikiliza nusu nusu, nikitafuta uso wa kusikitika unaonifaa. Akasema kwa hiyo ananipa njia tatu nichague. Ya kwanza, nijiondoe kwenye somo kwa hiari yangu.

"Sawa," nikasema.

Akanitazama. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema sawa, sawa, kumpa moyo aendelee, maana nilitaka kuzisikia hizo mbili nyingine. Akavaa miwani. Akaandika kitu kwenye fomu, akanisogezea nitie sahihi, nikatia, maana kutia sahihi huwafurahisha watu wa ofisi. Akasema ananitakia kila la heri.

Nikatoka nikiwa mwepesi. Nadhani nimesamehewa. Hizo njia mbili atanitumia baadaye.

Ijumaa, 17 Mei

Sijasamehewa! Jina langu limebandikwa ubaoni: amejiondoa kwa hiari. Kujiondoa ni sawa na kufeli, tena bila hata alama ya kukatia rufaa. Niliona aproni. Niliona sponji. Nilipiga chafya pale pale kwenye korido.

Nikaingia kwa Dokta bila kubisha hodi. Nikamwambia ameniua. Akasema nilikubali mwenyewe, tena aliniuliza kama nina hakika. Hapo nikawaka. Nikamwambia hata mtoto mdogo anajua kwamba mtu akisema sawa katikati ya maneno hajakubali chochote, anasema nakusikia, endelea. Nikamwambia kuna sawa ya ndiyo, sawa ya nimekuelewa, sawa ya nimekuelewa ila sitaki, na sawa ya wakubwa, ambayo ni ya kuwaondokea tu. Nikamwambia mtu anayezichanganya hizo hana masikio!

Dokta akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akafuta machozi. Aliniomba nirudie polepole. Nikarudia. Akasema hayo niliyoyasema ndiyo ripoti. Hakuna mtu ameyaandika hivyo, na rekodi zangu zinayaonesha yote, kuanzia kwa dada wa sheria mpaka kwa shangazi. Sharti la kwanza, niwaombe radhi washiriki wote. La pili, niandike ukurasa mmoja tu wa maneno hayo hayo, nimpelekee kesho kabla ya saa sita mchana. Akiupata, ataichana ile fomu na nitafaulu.

Ukurasa mmoja! Nilimshukuru mpaka akaniomba nitoke. Nimeshaomba radhi kwa wote. Pono aliniuliza radhi ya nini. Shangazi alisema alijua ni mimi tangu lile boksi lilipotetea jambo la birika, ila alitaka kuona litajibu nini. Nimemwambia nitafaulu. Nadhani alikuwa analia kwenye simu.

Jumamosi, 18 Mei

Nimeamka mapema kuuandika ule ukurasa. Nikaandika: mashine yangu ilikosea. Nikaitazama sentensi hiyo. Ikaniuma. Kwa nini nipeleke ukurasa wa makosa, wakati naweza kupeleka mashine iliyorekebishwa? Dokta atashangaa. Kalamu Nne atameza kalamu zake.

Nimeshagundua ubovu ulikuwa wapi. Ubovu ni neno. "Sawa" ni neno legelege, watu wanalimwaga ovyo. Nimelifuta. Mashine mpya itasikia neno moja tu, "haya". Haya ni neno zito. Mtu hasemi haya mpaka awe ameamua.

Nilikuwa katikati ya mchoro, napaka boksi jipya rangi ya dhahabu, mjomba alipopiga simu. Mjomba akianza kuongea haishi leo. Nilibana simu begani nikaendelea kupaka. Alizungumzia afya. Nikasema haya. Alizungumzia kiwanda, na fundi mmoja aliyeacha kazi. Nikasema haya. Alizungumzia shangazi, na chuo, na ujana, na mambo mengine yaliyonipita kwa sababu nilikuwa kwenye kona ya boksi, na kona inahitaji utulivu. Nikasema haya, haya mjomba. Mwishoni sauti yake ilibadilika. Alisema hakutegemea nikubali kirahisi hivyo, ameguswa, na gari litanifuata Jumatatu asubuhi, nibebe nguo za kazi.

Sijui amefurahia nini. Nitamuuliza nikipata nafasi. Saa sita imepita kidogo, lakini rangi haijakauka, na Dokta si mtu wa kugombana kwa dakika chache.

La kutia moyo ni hili: nimeongea na mjomba muda wote ule na sikusema sawa hata mara moja. Nilisema haya tu. Neno linafanya kazi.